Mwanga Uliomezwa na Barafu

William Herschel hakuwa akitafuta joto. Mwanzoni mwa mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 61, mwanamuziki huyu wa zamani kutoka Hanover, ambaye sasa alilipwa na mfalme wa Uingereza kwa kazi ya kuzitazama mbingu, alitaka tu kuliangalia jua bila kuunguza jicho. Nyumbani kwake Slough, karibu na Windsor, alijaribu vioo vya rangi mbalimbali mbele ya darubini, na jambo moja likamsumbua. Kioo kimoja kilizuia karibu mwanga wote, lakini jicho likahisi joto kali. Kingine kilipitisha mwanga mwingi na joto kidogo. Kama mwanga na joto vinasafiri pamoja, kwa nini visipungue pamoja?

Akautandaza mwanga wa jua kwa prizimu ya kioo hadi rangi zake zikajipanga mezani, kisha akaweka vipimajoto katika rangi moja baada ya nyingine. Kwenye urujuani joto lilipanda digrii 2 za Farenhaiti, kwenye kijani 3 na robo, kwenye nyekundu karibu 7. Mwingine angefurahi akaishia hapo. Herschel alikisogeza kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni rangi yoyote ila ubao wa meza, na joto likazidi kupanda. Jua lilikuwa likitoa miali ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona. Jumuiya ya Kifalme ya London ilichapisha makala zake mwaka huohuo.

Leo miali hiyo tunaiita infraredi. Ile iliyo jirani kabisa na nyekundu, yenye mawimbi ya urefu wa kuanzia takriban mikromita 0.75 hadi 2.5 au 3, huitwa infraredi ya karibu. (Mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita, jicho letu hukomea kwenye 0.7 na kidogo.) Herschel hakuishia kwenye prizimu, alipima pia ni miali mingapi inayopenya katika vioo na vimiminika mbalimbali, akagundua kuwa kitu kinaweza kuwa kiangavu machoni na kigumu kwa joto.

Zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo alikuwa amefanya ugunduzi wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1787 aliona miezi miwili ikiizunguka sayari ya Uranus, na mwaka 1789, kwa darubini yake kubwa yenye kioo cha upana wa karibu mita 1.2, akaona miwili mingine kando ya Zohali. Mwanawe John ndiye aliyekuja kuipa majina: Titania na Oberon kwa ile ya Uranus, Mimas na Enceladus kwa ile ya Zohali. Kwa Herschel ilikuwa vitone vya mwanga, basi. Alifariki mwaka 1822 bila kuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba miali yake isiyoonekana na miezi yake isiyoshikika ilikuwa na uhusiano.

Wa kwanza kuchezea barafu na jua kwa namna inayotuhusu hakuwa msomi wa maabara. William Scoresby alikuwa nahodha wa meli ya kuwinda nyangumi kutoka Whitby, mtu aliyezoea bahari za kaskazini tangu utotoni. Katika kitabu chake cha mwaka 1820 kuhusu nchi za Aktiki anaeleza jinsi alivyochonga lenzi kwa bonge la barafu angavu: kwanza shoka, kisha kisu, mwisho joto la kiganja ili kulainisha uso wake. Kwa lenzi hiyo alikusanya jua la Aktiki akachoma mbao, akalipua baruti, akayeyusha risasi, na akawawashia mabaharia viko vyao. Mabaharia walistaajabu, na walikuwa na haki. Moto ulipita ndani ya barafu, na barafu yenyewe ikabaki ngumu.

Scoresby hakuwa na jibu la kutosha. Jibu lilihitaji kifaa cha kupima joto kwa wepesi kuliko kipimajoto cha kawaida, na kifaa hicho kilitoka Italia. Macedonio Melloni alikuwa profesa wa Parma aliyelazimika kukimbilia Ufaransa baada ya kujihusisha na machafuko ya kisiasa. Yeye na Leopoldo Nobili walitengeneza chombo cha vipande vya metali mbili tofauti vilivyounganishwa, ambacho kikipata joto dogo tu hutoa umeme unaosukuma sindano ya kipimo. Katika miaka ya 1830 Melloni alipitisha miali ya taa ya mafuta katika mabamba ya vitu mbalimbali yenye unene uleule wa milimita 2.6. Chumvi ya mawe ilipitisha miali 92 kwa kila 100. Shabu ilipitisha 9. Barafu, ambayo kwa macho ni angavu kama chumvi ile, ilipitisha 6 tu. Alipoiondoa taa na kuweka shaba iliyopashwa moto bila kuwaka, barafu haikupitisha chochote.

Hapo ndipo fumbo la mabaharia lilipoanza kufunguka. Lenzi ya Scoresby ilikuwa ikigawanya jua mafungu mawili. Mwanga unaoonekana ulipita na kwenda kuwasha viko. Sehemu kubwa ya ule usioonekana ilimezwa njiani, katika tabaka za mwanzo za barafu, na baridi ya Aktiki ikalificha joto lake.

John Tyndall alilichukua jambo hili akalifanya tamasha, kwani Mwairishi huyo wa Taasisi ya Kifalme ya London alikuwa na kipaji cha kufundisha kwa maonyesho, na pia alikuwa mpanda milima wa Alpi. Katika makala aliyoitoa mwaka 1858 alieleza jinsi alivyopitisha miali mikali katika bamba la barafu na kuitazama kwa lenzi. Ndani ya barafu, si juu yake, palichanua maua: nyota ndogo za majimaji zenye petali sita, kila moja na kidoa katikati kinachong’aa kama fedha iliyosuguliwa. Maji yaliyoyeyuka huchukua nafasi ndogo kuliko barafu iliyoyazaa, kwa hiyo kila ua lilibaki na utupu kidogo katikati. Petali zilikuwa sita kwa sababu molekuli za barafu zimejipanga kwa pembe sita, na barafu ilikuwa ikivunjwa kwa mpangilio uleule ilivyojengwa. Bado watu wa fani huziita alama za Tyndall.

Jaribio lake lililo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, halipendezi macho hata kidogo. Tyndall aliacha sakitu nyeupe igande kwenye chupa iliyopozwa, kisha akailenga kwa mwanga mkali wa taa ya umeme uliokusanywa na lenzi. Safari ya kwanza aliuchuja mwanga kwa chombo cha maji yenye shabu. Mwanga ukaangaza sakitu kwa ukali wa kuumiza jicho, na hakuna chembe iliyoyeyuka. Akaondoa chombo cha maji. Sakitu ikatoweka papo hapo. Maji yalikuwa yameshaichukua ile miali ambayo sakitu ingeweza kuimeza. Kilichobaki, kiwe kikali namna gani, kilikuwa kikipita bila kuigusa. Tyndall akasema wazi kwamba theluji ya Alpi huyeyushwa zaidi na sehemu ya jua ambayo hakuna anayeiona.

Sababu yenyewe ilisubiri karne ya 20 na elimu ya molekuli. Molekuli ya maji ni oksijeni moja iliyoshika hidrojeni mbili, na vishikio hivyo havitulii: hunyooka na kujikunja, na pembe iliyo kati yake hupanuka na kubana. Mtetemo wa kunyooka unalingana na mawimbi ya mikromita 3 hivi, ule wa kubana unalingana na 6. Mwanga wenye urefu huohuo ukifika, molekuli huupokea na kuugeuza joto. Lakini uzi wa udi ukipigwa hautoi sauti moja tu. Juu ya sauti kuu zipo nyingine nyembamba zinazoifuata. Molekuli nayo ina mitetemo ya juu iliyo hafifu zaidi, na katika barafu huangukia kwenye mikromita 2.0, 1.5, 1.25 na 1.04. Zote hizo zimo ndani ya infraredi ya karibu.

Tofauti zake ni kubwa mno. Mwanga wa buluu unaweza kusafiri zaidi ya mita mia moja ndani ya barafu safi ya kina kirefu cha Ncha ya Kusini kabla ya kumezwa, na hii ndiyo sababu wanafizikia waliweza kuzika vitambuzi vya mwanga humo na kuigeuza barafu kuwa darubini ya nutrino. Kwenye mikromita 1.03 mwanga humezwa baada ya sentimita chache. Kwenye 1.5, baada ya sehemu kama moja ya tano ya milimita. Kwenye 2.0, sehemu moja ya kumi. Ukifika 3, haupiti hata mikromita moja kamili. Kati ya mistari hiyo ya kumeza kuna madirisha ambamo barafu hulegea na kupitisha, hasa karibu na 1.8 na 2.2. Kwa hiyo ukiutandaza mwanga uliorudi kutoka kwenye barafu utaona mabonde na vilima, na mpangilio wa mabonde hayo haufanani na wa kitu kingine chochote.

Umuhimu wa hilo unaonekana vizuri Kilimanjaro. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitembea na wenzake wa pwani kutoka upande wa Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima na akaandika kuwa ni theluji. London, mwanajiografia Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alimkatalia katakata. Theluji karibu na ikweta haiwezekani, alidai, kwa hiyo weupe ule ni kitu kingine. Tunamcheka leo, lakini hoja yake haikuwa ya kijinga kabisa. Chokaa ni nyeupe, chumvi ni nyeupe, wingu ni jeupe. Ubishi uliendelea kwa miaka, na mwaka 1871 Charles New alipanda na wenyeji hadi kwenye theluji yenyewe akaishika kwa mkono wake.

Setilaiti zilipoanza kupiga picha za dunia tatizo la Cooley lilirudi kwa sura nyingine: kutoka juu, wingu lililotua mlimani na theluji iliyo chini yake ni weupe uleule. Suluhisho lilikuwa kutazama karibu na mikromita 1.6. Matone na fuwele za wingu ni ndogo mno, hivyo mwanga huruka kati yake na kurudi kabla ya kumezwa. Chembe za theluji iliyotua ni kubwa zaidi. Mwanga hupita safari ndefu ndani yake na haurudi. Kwa hiyo katika picha ya 1.6 wingu hubaki jeupe na theluji huwa nyeusi. Landsat 4, iliyorushwa mwaka 1982, ilibeba kipimo cha eneo hilo, na baadaye katika muongo huo Mmarekani Jeff Dozier alionyesha namna ya kulinganisha mwanga wa kijani na wa infraredi ili kompyuta itenganishe vitu hivyo viwili bila kukosea sana. Njia hiyo bado inatumika kwenye milima ya dunia nzima. Kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, watafiti waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na picha za setilaiti walikuta barafu imepungua kutoka kilomita za mraba 11.4 hadi 1.76 kufikia mwaka 2011.

Kilimanjaro, hata hivyo, ulipandika. Pete za Zohali hazipandiki, na mtu aliyeuliza weupe wake ni wa nini alikuwa Gerard Kuiper.

Kuiper alikuwa Mholanzi aliyehamia Marekani mwaka 1933. Wakati wa vita vya pili vya dunia pande zote mbili zilitafuta vitambuzi vya kuhisi joto la meli na ndege usiku, na kilichofanikiwa kilikuwa kipande cha salfidi ya risasi, ambacho upitishaji wake wa umeme hubadilika kikiguswa na infraredi ya karibu. Vita vilipokwisha, Kuiper alipata vitambuzi hivyo kutoka kwa Robert Cashman wa Chuo Kikuu cha Northwestern, akavifunga kwenye darubini ya mita 2.1 ya paoneaanga pa McDonald, Texas. Hakuna mtu kabla yake aliyekuwa amezisoma sayari kwa uwezo huo katika mwanga huo.

Mwaka 1948 Mirihi ilikaribia dunia, na Kuiper akalenga kofia nyeupe ya ncha yake. Wengi waliidhania hewa ya ukaa iliyoganda. Yeye alilinganisha mwanga wake na wa sakitu alizozitengeneza mwenyewe, akaona kofia aliyoitazama inafanana na maji. (Vyombo vya angani vimeonyesha baadaye kuwa Mirihi ina barafu za aina zote mbili, zinazoachiana nafasi kwa misimu.) Kisha akakigeuza chombo kuelekea Zohali. Pete zilikuwa na giza lilelile kwenye infraredi, ingawa kwa macho zinang’aa. Akatangaza kuwa zimefunikwa na sakitu ya maji, kama si barafu tupu. Mwaka 1957 alisema vivyo hivyo, kwa tahadhari zaidi, kuhusu miezi miwili ya Mshtarii, Europa na Ganymede. Katika miaka ya 1960 Vasily Moroz, akifanya kazi Crimea, alipima miezi hiyohiyo na kufikia jibu hilohilo.

Ungedhani jambo limekwisha. Halikwisha, na kisa cha mwaka 1970 ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii, kwa sababu aliyeteleza alikuwa bingwa mwenyewe.

Kuiper sasa alikuwa Tucson, Arizona, kwenye maabara ya mwezi na sayari aliyoianzisha. Yeye, Dale Cruikshank na Uwe Fink walipata spektra mpya ya pete za Zohali, yaani mwanga wake uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi, bora kuliko ya zamani. Mabonde yalionekana wazi kuliko wakati wowote. Lakini hayakukaa pale hasa walipotarajia kwa maji, na umbo lake lilifanana zaidi na amonia iliyoganda. Wakaandika hivyo katika jarida: pete ni za amonia.

Kumbe kulikuwa na vijana wanne waliokuwa wakiutazama mwanga uleule. Carl Pilcher, Clark Chapman, Larry Lebofsky na Hugh Kieffer waliandika katika jarida la Science, mwaka huohuo 1970, kwamba ni maji. Kieffer alikuwa ameshatumia muda mwingi maabarani akipima mwanga wa sakitu za maji na za hewa ya ukaa, na alijua kitu ambacho darubini haikufundishi: sakitu hubadilika sura kwa baridi yake na kwa ukubwa wa chembe zake. Pete za Zohali zina baridi ya nyuzi 180 hivi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo molekuli zimebanana vingine, vishikio vyake hutetema kwa kasi tofauti kidogo, na mabonde husogea na kubadilika umbo. Barafu ya pete ilikuwa maji, ila maji yaliyopoa kuliko yale yaliyokuwa yamewekwa kando yake kwa kulinganishwa. Kundi la Kuiper liliirekebisha kauli yake haraka, ndani ya mwaka uleule.

Kuiper alikuwa sahihi alipokuwa na spektra mbovu, akakosea alipopata nzuri. Halikuwa kosa la darubini. Maktaba ya kulinganishia ilikuwa na kurasa chache mno, na baada ya hapo maabara zikaanza kuzijaza. Fink na Harold Larson walitoa mwaka 1975 vipimo vya barafu kati ya mikromita 1 na 4 kwa viwango mbalimbali vya baridi, na kuna walioendelea na kazi hiyo kwa miongo.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Mwaka 1972 Pilcher, Stephen Ridgway na Thomas McCord walithibitisha sakitu ya maji kwenye miezi ya Mshtarii na hata kukadiria eneo lake: asilimia 50 hadi 100 ya uso wa Europa, 20 hadi 65 ya Ganymede, na pengine 5 hadi 25 ya Callisto. Mwaka 1976 zikafuata Iapetus, Rhea, Dione na Tethys za Zohali. Na kufikia mwaka 1981, Cruikshank na wenzake walikuwa wameyaona mabonde ya 1.5 na 2.0 katika mwanga wa Enceladus, na katika mwanga wa Titania na Oberon. Vitone vya Herschel vilitambuliwa kwa miali ya Herschel, baada ya takriban miaka 190. Uranus uko mbali kiasi kwamba jua lake ni dhaifu mara mia tatu na zaidi kuliko letu. Mwanga huo mdogo ulikwenda, ukaingia kwenye sakitu sehemu ya milimita, ukapunguzwa kwa mpangilio maalumu, ukarudi hadi duniani na taarifa kamili.

Ikabaki hoja ya ubora. Ukishajua kuwa ni barafu, mwanga unaweza kukuambia nini zaidi?

Kuna bonde dogo, jembamba, kwenye mikromita 1.65, upande mmoja wa lile kubwa la 1.5. Barafu yenye fuwele, yaani iliyojipanga kwa pembe sita kama maua ya Tyndall, inalo, na bonde hilo huzidi kuwa na kina kadiri barafu inavyopoa. Barafu iliyoganda ghafla katika baridi kali bila kupata nafasi ya kujipanga karibu haina. Bonde hilo kwa hiyo ni kipimajoto, na pia ni rekodi ya yaliyoipata barafu. Will Grundy na Bernard Schmitt walilipima kwa makini mwaka 1998, na matokeo yakaanza kuleta maswali magumu. Mwaka 2000 lilionekana kwenye Charon, mwezi wa Pluto. Mwaka 2004 David Jewitt na Jane Luu, kwa darubini ya Subaru iliyoko Hawaii, waliliona kwenye Quaoar, jiwe la barafu lililo mbali kuliko Pluto kwa wastani wa umbali wake kutoka jua.

Huko baridi ni nyuzi 220 chini ya sifuri. Mvuke ukiganda katika baridi hiyo haupati fuwele. Zaidi ya hayo, miali ya anga huvunja fuwele zilizopo, na Jewitt na Luu walikadiria kuwa kazi hiyo huchukua takriban miaka milioni 10, muda mfupi sana kwa gimba lenye umri wa miaka bilioni nne na nusu. Kitu fulani kiliipasha moto barafu ya Quaoar si zamani sana, au kinaendelea kuifufua. Wengine walitaja volkano za barafu, wengine migongano midogo, wengine wakasema fuwele ni sugu kuliko tunavyodhani. Mimi naona wa tatu wana nguvu, kwa kuwa fuwele zimekuja kuonekana kwenye karibu kila gimba la barafu lenye mwanga wa kutosha kupimwa, na ni vigumu kuamini kwamba kote huko kuna volkano.

Enceladus haikuhitaji ubishi huo. Chombo cha Cassini kilifika Zohali mwaka 2004 na mwaka uliofuata kikapita juu ya ncha ya kusini ya mwezi huo wenye upana wa kilomita 500 hivi. Kilikuta nyufa nne ndefu zinazorusha mvuke na chembe za barafu angani. Kipimo chake cha infraredi kilionyesha kuwa kandokando ya nyufa barafu ni ya fuwele na chembe zake ni kubwa, dalili ya barafu changa. Mbali na nyufa mwanga ulibadilika.

Nyumbani kwetu zaidi, Mwezi wenyewe ulikuwa na deni. Mashimo ya ncha zake hayajaona jua kwa muda mrefu sana, na usomaji wa mwanga unahitaji mwanga. Oktoba 2009 NASA iliangusha gamba la roketi katika shimo la Cabeus, na chombo kilichoifuata nyuma, LCROSS, kikasoma vumbi lililoruka hadi kwenye jua: mvuke na barafu vilikuwemo. Mwaka 2018 Shuai Li na wenzake walitumia vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha India, Chandrayaan-1, wakisoma mwanga hafifu unaodunda kutoka kwenye kingo za mashimo na kuangukia gizani. Waliyaona mabonde matatu, kwenye 1.3, 1.5 na 2.0, katika asilimia 3.5 tu ya maeneo yenye baridi ya kutosha kuhifadhi barafu. Kwa wanaopanga kuwapeleka watu huko, uchache huo ni habari nzito kuliko ugunduzi wenyewe.

Europa ndiyo iliyobaki na ugumu. Chombo cha Galileo, kilichofika Mshtarii mwaka 1995, kilikuta kuwa katika maeneo ya kahawia mabonde ya 1.5 na 2.0 yapo ila yamepinda, upande mmoja umeinama kuliko mwingine. Hayo ni maji, lakini maji yaliyoshikwa na kitu. McCord na wenzake walisema mwaka 1998 kuwa ni chumvi zenye maji ndani yake, pengine zilizopanda kutoka bahari iliyo chini ya gamba. Robert Carlson na kundi lake wakajibu mwaka 1999 kuwa asidi ya salfa, inayotengenezwa juu ya uso kwa mnururisho wa Mshtarii, inatoa mpindo uleule. Tofauti ni kubwa: jibu la kwanza linatupa sampuli ya bahari, la pili halitupi chochote kutoka ndani. Spektra za Galileo hazikuwa na ukali wa kuamua.

Oktoba 2024 NASA ilirusha Europa Clipper, ikibeba kipimo kiitwacho MISE kinachosoma kuanzia mikromita 0.8 hadi 5. Kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2030, na kitapita karibu na Europa mara kadhaa, chini kiasi cha kuutenganisha ufa mmoja na mwingine. Maabara, safari hii, zimetangulia: chumvi mbalimbali na mchanganyiko wa asidi zimeshapozwa hadi baridi ya Europa, na mwanga wake unasubiri kulinganishwa.